Mwaka Juu ya Gamba la Kobe

Verlene Stroud aliipanga harusi ya binti yake kama anavyopanga mabasi ya shule za wilaya: kila mtu na kiti chake, kila kitu na saa yake, na asiyeridhika ashuke atembee. Tarehe aliipata mlangoni mwa friji, kwenye ratiba ya mechi. Jumamosi ya katikati ya Oktoba Chuo cha Burdette hakikuwa na mechi, nyumbani wala ugenini. Basi hiyo ndiyo ikawa Jumamosi ya harusi. Binamu yake mmoja aliwahi kumwoza mwanawe siku ya mechi, na mpaka leo ukifungua albamu ya harusi ile unaona wanaume wamesimama mbele ya madhabahu na nyaya za redio masikioni, mchungaji akiwa mmojawapo.

Maua yalikuwa tayari, viti vimekodiwa, gauni limepunguzwa mara mbili. Kilichobaki ni keki ya bwana harusi.

Keki nyeupe ya ghorofa ni ya bibi harusi, na hiyo haina maneno. Ya bwana harusi ni ya chokoleti, upande wa mke ndio unaoioka, na huchongwa kwa umbo la kitu anachokipenda: samaki, trekta, bata wa kuwindwa. Kwa kijana aliyecheza mpira wa Kimarekani Burdette hakuna cha kuumiza kichwa. Ni kobe. Kobe ndiye nembo ya chuo, kobe yupo kwenye kofia za wachezaji, na kabla ya kila mechi mtu aliyevaa vazi la kobe huvuka uwanja kutoka mstari wa huku mpaka mstari wa kule, hatua moja moja, huku watu jukwaani wakipiga mguu sakafuni kwa kila hatua. Mechi haianzi mpaka kobe afike. Timu za wageni huuchukia sana Mwendo wa Kobe, na hiyo ndiyo faida yake.

Verlene alioka kobe mkubwa kama beseni la kufulia, akampaka krimu ya kijani, akamtia macho ya lozi. Jumatatu asubuhi kobe alikuwa mezani, anapendeza, na mgongo wake mtupu.

Mgongoni huandikwa mwaka. Kobe wa keki bila mwaka, Burdette, ni keki ya sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa chekechea. Na mwaka wenyewe ni ule wa timu bora kuliko zote katika historia ya chuo.

Hapo ndipo harusi ilipotaka kuvunjika.

Hoyt, mumewe Verlene na baba wa bibi harusi, alichezea timu ya mwaka wa themanini na nne. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kuwasukuma watu, na kwa umbo bado alikuwa tayari kuifanya. Timu ile haikufungwa hata mechi moja. Hilo ndilo alilosema akiamka na akilala: haikufungwa. Royce Tidwell, baba wa bwana harusi, alikuwa mdakaji wa pasi katika timu ya tisini na moja, mwembamba, mwepesi, na mpaka leo hupokea kikombe cha kahawa kana kwamba kimerushwa kutoka mbali. Timu yake ilifungwa mechi moja, lakini ilichukua kombe, na katikati ya msimu ikakifunga chuo kikuu kimoja kikubwa cha jimbo la jirani kilichokuwa kimewaalika kwa ajili ya kujipasha misuli moto.

Wanaume hawa wawili walikuwa wamefahamiana mwaka mzima tangu watoto wao wachumbiane, na mwaka mzima walikuwa wameongea habari za mvua na bei ya mbolea. Kila mmoja alijua mwenzake alichezea mwaka gani. Waliogopa kuanza. Keki iliwaanzisha.

Royce alikuja Jumatatu hiyo hiyo, eti kurudisha bakuli. Alimtazama kobe, akamsifu, kisha akasema tisini na moja itakaa vizuri pale, maana tarakimu ya moja ni nyembamba na haitamaliza krimu. Hoyt alikuwa sebuleni. Alitokea mlangoni na gazeti mkononi.

"Bwana mdogo," akasema, "hiyo moja unayoisema ndiyo idadi ya mechi mlizofungwa. Ukitaka tuiandike, sawa, lakini tuandike na maelezo."

"Mzee wangu," Royce akajibu kwa adabu zote, "ninyi mlicheza na chuo cha wachungaji. Kila wakimwangusha mtu wanamwomba radhi. Hata mama yangu asingefungwa mwaka ule."

Kuanzia hapo hapakuwa na bakuli lililokaa mahali pake. Royce alikuja Jumatatu jioni, akaja Jumanne asubuhi, akaja Jumanne jioni na kaka yake. Hoyt aliwaita wenzake wa themanini na nne, wakaja na matumbo yao, wakajaa jikoni, wakaeleza kwa zamu jinsi mpigaji wao alivyokuwa akipiga mpira peku, hata kwenye baridi, na jinsi kidole chake gumba kilivyokuwa kama nyundo. Watu wa tisini na moja wakasema kidole si timu. Watu wa themanini na nne wakauliza, ni nani yule kocha aliyewafunga ninyi akiwa kalala kitandani na matumbwitumbwi, akitoa maagizo kwa simu? Kisha mmoja wa tisini na moja akasema ugonjwa ule haukuwahi kuthibitishwa.

Mji mzima uliingia. Kinyozi aligawa viti vyake, vya dirishani themanini na nne, vya ukutani tisini na moja, na mtu mwenye haraka alinyolewa alipopata nafasi lakini hakufurahi. Mfamasia alikataa kutaja upande wake, akashukiwa na pande zote mbili. Mchungaji, katika ibada ya Jumanne, aliziombea baraka timu zote za Burdette zilizotangulia na zijazo. Wakamfuata nje kumwuliza kwa nini ameanza na zile zilizotangulia, na alikuwa na timu gani akilini.

Verlene alisikiliza yote haya akipiga pasi vitambaa vya meza. Yeye mwenyewe alisoma Burdette, ana diploma yake imetundikwa juu ya mashine ya kufulia, na katika bendi ya chuo alipuliza tarumbeta kubwa ile inayomzunguka mtu kama chatu. Aliwahi kuzipenda timu zote mbili. Kufikia Jumanne jioni alitamani zote zingefungwa.

Kulikuwa na jambo moja hasa lililomkera. Kila ubishi ulipopoa, Hoyt aliupasha moto kwa kisa chake kilekile. Alikuwa anakisimulia kuonyesha chuo kimeshuka kutoka wapi mpaka wapi. Ilikuwa mwaka elfu mbili kumi na saba, mechi ya kwanza, kobe anaingia kuvuka uwanja. Hatua ya tatu akajikwaa kwenye ngoma ya bendi, akaanguka chali. Akabaki pale, gamba chini, miguu minne hewani, anapiga mateke kama mende. Na Hoyt alikuwa safu ya mbele. Alisimama akasema, kwa sauti ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilisikika mpaka maegesho ya magari: "Hata kobe wetu hawezi kusimama." Akatoka, akaenda kuvua samaki, na hakukanyaga uwanjani tena mwaka ule. Alifanya vizuri, maana timu ile ilifungwa mechi zote. Zote. Nyumbani kwao mwaka ule haukutajwa mezani ila katika kisa hiki.

Watu walicheka kila mara. Verlene hakucheka, na kila mara alipata droo ya kufunga kwa nguvu.

Anayevaa kobe hatajwi. Ndiyo desturi ya Burdette, siri mpaka amalize chuo. Lakini nguo za ndani za kobe hufuliwa, na mwaka ule kila Jumapili, Hoyt akiwa ziwani, Verlene alikuwa akisugua kitambaa cha ndani ya kichwa cha kobe kwa siki na magadi, maana kilinuka kama soksi ya askari. Aliyekuwa akikilowesha jasho ni Maribeth, binti yao.

Maribeth alimaliza chuo Mei, siri ikaisha muda wake, lakini alimwambia mama yake asiseme. Baba anakipenda kile kisa, alisema. Na Verlene, asiyemezea mtu neno hata dereva wa basi mwenye mwili wa jokofu, alilimeza hili. Mwenye nalo alikuwa binti yake.

Jumatano jioni walikula pamoja, familia mbili, nyuma ya nyumba ya akina Stroud. Royce alikuja na jiko lake la moshi limefungwa nyuma ya gari, lile atakalopikia nyama ya nguruwe ya chakula cha Ijumaa, alifanyie majaribio. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka matunda. Hapo Royce akachukua vichupa vya chumvi na pilipili kuonyesha jinsi watu wa tisini na moja wangepita katikati ya watu wa themanini na nne. Hoyt akasema chumvi haina mabega. Royce akasema basi simama. Hoyt akasimama.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi. Mwanamume wa miaka hamsini na sita aliinama na kuweka ngumi moja chini. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa alikimbia kumkwepa kwa kushoto. Kushoto kulikuwa na meza. Sufuria la maharage liliruka, likatua, na likammwagikia mbwa, ambaye ndiye peke yake aliyeondoka ameridhika.

Royce, akiwa chini na saladi ya kabichi begani, alisema amepita. Hoyt alisema kupita gani huko, na mtu yuko chini ya meza. Wakasimama wote wawili, wakahema, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kukimbia tena, wakala viapo.

Hoyt alisema kobe akiandikwa tisini na moja, yeye kanisani atakaa kiti cha nyuma kama mgeni mwalikwa, na bibi harusi ataingia na mtu mwingine. Royce alisema kobe akiandikwa themanini na nne, yeye atalifunga jiko lake garini na kuondoka nalo, nyama ikiwa ndani.

Verlene aliwaambia wote wawili waokote maharage. Wakaokota. Lakini kiapo ni kiapo, na Hoyt alikuwa mtu wa mdomo mmoja. Aliwahi kuapa hatanunua tena gari la rangi nyekundu, na lori zuri la shemeji yake likauzwa kwa jirani kwa ajili hiyo.

Maribeth alikuwa akimwosha mbwa kwa mpira wa maji. Hakuinua kichwa.

"Mama," akasema, "Jumamosi nitaingia na nani?"

"Na baba yako."

"Amesema hataingia."

"Nimemsikia. Mshike huyo mbwa masikio, maji yanaingia."

Alhamisi nzima Verlene alitafuta suluhisho. Alipendekeza miaka yote miwili, mmoja kila upande wa gamba. Ukazuka ugomvi mwaka gani ukae upande wa kichwa na upi ukae upande wa mkia. Alipendekeza asiandike kitu. Wote wawili walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyependekeza kuzika marehemu bila jeneza. Alipendekeza wapige kura, na mji ukagawanyika nusu kwa nusu, mfamasia akikataa kupiga.

Ijumaa asubuhi Tate, bwana harusi, alileta viti. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili na mpole mno, aina ya mtu anayeomba radhi mlango ukimgonga. Alipanga viti ukumbini bila kuambiwa mara mbili, kisha akaja jikoni kunywa maji, akasimama mbele ya kobe. Verlene alikuwa na mfuko wa krimu ya njano mkononi, tayari, na hajui aandike nini. Alimtazama kijana. Halafu akajitazama mwenyewe, akajiona mjinga.

"Tate, hii ni keki ya nani?"

"Ni ya… ni yangu, nadhani, Bi Verlene."

"Kuna mtu yeyote aliyekuuliza unataka mwaka gani?"

Tate alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa uaminifu. Akasema hapana, hakuna.

"Nakuuliza mimi."

Kijana akawa mwekundu kuanzia shingoni. Akasema hataki kuleta shida. Verlene akamwambia shida imeshaletwa, iko hapa tangu Jumatatu, inamaliza kahawa yake, aseme.

"Kumi na saba," akasema Tate.

Verlene aliweka mfuko wa krimu chini. Kumi na saba ndio mwaka ambao Tate alicheza. Ndio mwaka wa kufungwa mechi zote, mara moja na timu ambayo basi lake liliharibika njiani, ikafika na nusu ya wachezaji, na ikacheza na njaa.

"Mwanangu, unajua watakachosema?"

"Najua. Wamenisema miaka miwili." Alizungusha glasi mkononi. "Wale wa themanini na nne na wa tisini na moja, kila mtu alikuja kuwaona. Sisi walikuja watu kama arobaini. Mpaka mechi ya mwisho, mvua inanyesha, wale wale. Nawajua kwa majina, Bi Verlene. Wewe ulikuwa safu ya sita na mwavuli wa duka la mbegu. Na kobe alikuwepo. Kila mechi alivuka uwanja wote, taratibu, na hakuna anayemtazama."

"Unajua ni nani aliyekuwa ndani."

"Mimi ndiye niliyemwinua. Ile siku alipoanguka. Nilidhani analia, nikamvua kichwa kidogo nimwone. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, akaniambia nimrudishie kichwa haraka, ni siri." Tate akanywa maji yaliyobaki. "Ilibidi nimtafute tena niombe radhi."

Verlene alichukua mfuko wa krimu. Akaandika moja. Akaandika saba, kubwa, na mkia. Kisha akamfunika kobe kwa boksi, akamwambia Tate asiseme neno kwa mtu, hata kwa Maribeth, na aende akanunue barafu.

Chakula cha Ijumaa jioni kililiwa katika ukumbi wa kanisa. Nyama ya Royce ilikuwa laini mno, na hata Hoyt alikubali, ingawa aliielekeza sifa hiyo kwa nguruwe na si kwa mpishi. Watu wa themanini na nne walikaa upande wa mlango. Watu wa tisini na moja walikaa upande wa piano. Mfamasia alikaa peke yake katikati. Boksi lilipoletwa mezani, pande zote mbili zilisimama bila kuambiwa.

Verlene aliinua boksi.

Hoyt alisogea. Royce alisogea. Walisimama bega kwa bega, wakainama, wakasoma tarakimu mbili kana kwamba zimeandikwa kwa lugha ya kigeni.

"Mama Maribeth," akasema Hoyt polepole, "hii ni moja na saba."

"Naijua. Nimeiandika mimi."

"Wale walifungwa na watu wenye njaa," akasema Royce.

"Walifungwa na kila mtu," akasema Hoyt. "Bwana mdogo, wakumbuka ile mechi waliyojifunga kwa kuvuka na mpira mstari wa kwao wenyewe?"

"Niliisikia redioni, mzee. Nilikuwa maegesho, garini. Nilishindwa kuingia."

"Uliwezaje kusikiliza hata hiyo redio?"

Wakageuka pamoja kumkabili Verlene. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima wanakubaliana, na walikubaliana kwa nguvu: hii ni aibu, huu ni uchokozi, na hakuna timu mbaya zaidi iliyowahi kuvaa kobe tangu chuo kijengwe. Wenzao wa mlangoni na wenzao wa piano waliitikia kwa sauti moja. Hoyt, akichochewa na umoja huu, akaanza kisa chake. Mechi ya kwanza, kobe anaingia, hatua ya tatu.

"Mzee Hoyt," akasema Tate. "Samahani. Hicho kisa kina mwisho wake."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini hakuna aliyewahi kumsikia Tate akimkatiza mtu, na watu wakageuka. Akasimama. Akasema keki ni yake, na mwaka ni wake. Akasema siku ile kobe alipoanguka, kuna watu walitoka, na kuna mtu alikwenda kumwinua. Aliyemwinua kesho anaoa. Na aliyeinuliwa kesho anaolewa.

Wa kwanza kuelewa alikuwa mfamasia, aliyetoa sauti ndogo. Halafu ikawafikia wengine, meza kwa meza. Hoyt ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alimtazama Tate, akamtazama kobe, akamtazama binti yake aliyekuwa anakunja kitambaa cha meza vipande vidogo vidogo. Kisha akatoka nje.

Verlene hakumfuata. Alichukua kisu akaanza kukata keki, kwa sababu keki ilikuwepo na watu walikuwepo. Alikata mguu wa kwanza wa kobe, akakata wa pili. Vipande vilitoka vimepinda. Royce alikuja akashika sahani, akawa anapokea kila kipande kwa mikono miwili.

Walikuwa wamefika kwenye mkia Hoyt aliporudi. Alipita katikati ya meza, akavuta kiti, akakaa kando ya Maribeth. Kiti kililalamika.

"Ulianguka," akasema.

"Nilianguka, baba."

"Nilicheka."

"Nilikusikia. Una sauti."

Hoyt alitazama mikono yake. "Ilikuwa moto humo ndani?"

"Kama ndani ya jiko la baba Tate."

"Na ulivuka? Baadaye, walipokuinua. Ulifika mstari wa kule?"

"Kila mechi."

Hoyt akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Verlene alimpelekea kipande chenye saba. Alipokiweka mbele yake alimwambia, kwa sauti ya kumwelekeza dereva njia, kwamba kiapo chake kilihusu tisini na moja, na tisini na moja haikuandikwa, kwa hiyo asije akajifanya amefungwa mikono. Hoyt akasema anajua hesabu. Akala kipande chote, pamoja na mkia wa saba.

Jumamosi Verlene alikuwa amelitengea dakika moja jambo la bibi harusi kutoka mlangoni mpaka mbele. Dakika moja inatosha, aliipima mwenyewe. Alikaa kiti cha mbele akiwa amevaa viatu vinavyobana, piano ikaanza, watu wakasimama, milango ikafunguliwa. Hoyt alikuwepo. Alikuwa amevaa suti, na shingoni tai ya Burdette, ya kijani na njano, aliyokuwa amekatazwa. Maribeth alikuwa amemshika mkono.

Hoyt akaweka mguu wa kulia mbele. Akatulia. Akauvuta wa kushoto, akauweka. Akatulia.

Verlene alidhani ni goti. Alianza kuinuka, akikumbuka sufuria la maharage. Kisha akaona jinsi mumewe alivyoinamisha mabega, jinsi shingo ilivyotangulia kidogo na kurudi, na akaona Maribeth anamtazama baba yake, mdomo wazi chini ya shela, halafu anainamisha mabega yake mwenyewe. Hatua. Tulia. Hatua. Walikuwa wanatembea Mwendo wa Kobe, wawili, katikati ya kanisa, na mtu wa piano alifika mwisho wa wimbo wakiwa bado hawajapita kiti cha tatu.

Royce ndiye aliyeanza. Alikuwa kiti cha mbele upande wa pili, na mguu wake wa kulia ulishuka sakafuni, paa, sawasawa na hatua ya Hoyt. Wa tisini na moja wakafuata. Wa themanini na nne wakafuata. Sakafu ya kanisa lile ni ya mbao, na chini yake ni tupu, basi ikanguruma. Mtu wa piano alirudia wimbo, akaumaliza, akaurudia tena. Mchungaji alitazama saa yake, akaona haina maana, akaanza kupiga mguu pia. Tate mbele pale alisimama wima kama siku ile uwanjani, akilia bila kujificha.

Verlene alifikiria chakula kinachopoa, viti vinavyotakiwa kurudishwa, na mpiga picha aliyekodiwa kwa saa. Akavua viatu vyake, maana visigino vile vingevunjika, na akapiga mguu.

Jioni, baada ya keki nyeupe, aliwakuta Hoyt na Royce meza ya pembeni, vichupa vya chumvi na pilipili vimepangwa kati yao. Alijiandaa. Lakini hawakuwa wanapanga themanini na nne wala tisini na moja. Walikuwa wanapanga kumi na saba, wakitafuta mechi moja tu ambayo timu ile ingeweza kushinda kama upepo ungekuwa mwingine. Walikuwa bado hawajaipata.

"Timu haikuwa kitu," Hoyt alikuwa anasema. "Hilo silibishi, mkwe. Lakini kwa upande wa kobe, hakuna mwaka uliokuwa na kobe kama yule. Hakuna."

Royce alifungua mdomo. Verlene alimwona anakusanya hoja, aliona kobe wa tisini na moja akimjia usoni, anatembea. Akavuta kiti, akaketi katikati yao, akamtazama.

Royce akafunga mdomo, akasogeza chupa ya chumvi.